Ouma, Jina la Mama Zuhura Halikuwa Ploti

Kawangware

Ouma ndugu yangu,

Zamani barua zetu zote tulizifungua kwa kusema mimi huku ni mzima, hofu ni kwako wewe. Leo mambo yamegeuka. Wewe umelala zako kwenu Ugenya, hakuna anayekugongea mlango, hakuna anayekuuliza swali. Mwenye hofu ni mimi, na kichwa kimeniuma tangu tuliporudi kutoka kukuzika. Nisamehe basi nikianza kwa ugomvi. Nimekukasirikia, Ouma, na kinachonikera zaidi ni kwamba umekwenda mahali ambapo siwezi kukushika kola. Watu husema marehemu hasemwi. Sawa. Mimi sikusemi, nakwambia mwenyewe.

Lakini kwanza nikupe habari, maana ulipenda habari kuliko chai. Bado niko kwenye kibanda changu karibu na soko na mikebe yangu ya rangi. Juzi nilimchorea muuza nyama mmoja ng'ombe ukutani, akaniambia huyu ni mbwa aliyevimba, na tulibishana mpaka watu wakajaa. Ungekuwepo ungemtetea yeye. Benchi lako limechukuliwa na fundi viatu ambaye haongei kabisa, kwa hivyo siku hizi namaliza kazi kwa wakati. Kule mjini, kwenye ile ofisi ulikokuwa ukihudumia wateja wa intaneti, wamemwajiri dada mmoja wa Machakos. Ni mpole, ana adabu, na hatumii kompyuta za tajiri kujifanyia biashara zake. Wateja wanasema hawajawahi kuhudumiwa haraka hivyo. Kila saa nataka kukuambia kitu, nageuka, namkuta fundi viatu.

Sasa nisikilize.

Tulikuwa hatujamaliza hata kurudisha mabenchi ya kanisa tuliyoazima wakati wa matanga, akaja kibandani kwangu bwana mmoja amevaa tai. Anafanya kazi kwenye kiwanda fulani kule Industrial Area. Akaniuliza kama mimi ndiye Mutua rafiki wa marehemu, akanipa pole, akakaa kidogo, halafu akasema amekuja kwa lile jina la Mama Zuhura. Mimi nilidhani anataka mafuta ya nywele anayouza mama yule. Nikamwelekeza mtaani kwake Makina, nikamwambia aulize mtu yeyote karibu na msikiti. Akacheka. Akasema mafuta wanayo mengi kiwandani, wanachotaka ni jina la kwenye intaneti, na kwamba yeye na wewe mlikuwa mmeelewana kabla hujaugua.

Nikamwambia hapana, Ouma hawezi. Benki, sawa. Kampuni ya unga, sawa. Lakini si Mama Zuhura. Ndipo akaniambia ulivyomwambia, neno kwa neno: "Jina ni kama ploti, buda. Mwenye kuweka nguzo kwanza ndiye mwenye ploti." Hakuna mtu mwingine Nairobi anayesema hivyo. Ni kama nilikusikia ukiongea kutoka mdomoni mwake, na hiyo ndiyo mara ya kwanza sauti yako imenifanya nitamani kukupiga.

Biashara yako nilikuwa naijua, nani hakuijua? Ulinieleza mara nyingi mpaka chai ikapoa: kuna kampuni huko Marekani inayoandikisha majina ya intaneti. Unawatumia ujumbe, wanakuandikia jina papo hapo, na bili inakuja baadaye kwa posta. Katikati ya hapo, kabla bili haijafika, unamtafuta tajiri mwenye jina lake la kweli, unamwambia, samahani bwana mkubwa, umechelewa, jina lako ninalo mimi, tuongee. Nilikuuliza kama huo si wizi, ukaniambia, "Maze, Mutua, wizi ni nini? Mimi sijavunja mlango. Nimekuta mlango uko wazi na nyumba haina mtu." Tulibishana siku nyingi juu ya hilo. Ulisema hao wakubwa ndio wanaoamka asubuhi wakazungusha mabati kwenye uwanja wa watoto wakasema ni ploti yao, wana karatasi, kwa hivyo na wewe umezungusha mabati kwenye majina yao. Na mimi, kusema kweli, kwa ile benki sikuweza kupata machozi.

Lakini ulikuwepo siku uwanja wenyewe ulipozungushwa! Wewe ndiye uliyekuwa mbele, mikono inatoka damu, uking'oa mabati na kupiga kelele kwamba mwenye karatasi si mwenye mahali. Nakukumbuka vizuri, shati lilichanika mgongoni. Halafu unakwenda kuweka nguzo kwa nani? Kwa watu wa Makina! Wanubi walioishi pale tangu babu zao walipotoka jeshi la Mwingereza, walioahidiwa ardhi kwa mdomo tu, na mpaka leo kila anayekuja na karatasi anawaambia hapa si penu. Katika Nairobi nzima, Ouma, umekosa mtu mwingine wa kumfanyia mchezo wa ploti?

Na si mtu wa mbali. Ulipanga chumba kwake. Ulikuwa unamwita mathee. Mafuta yale ulinusa yakichemka uani kila Jumanne, simsim na karafuu, mpaka nguo zako zikawa zinanukia na wanawake wa Kawangware wakaniuliza rafiki yako anajipaka nini. Kichwa cha mwanamke na kitana kilicho kwenye chupa nilikichora mimi kwa mkono wangu. Nilikichora mara tatu kwa sababu mara mbili za kwanza Mama Zuhura alisema mwanamke huyu anaonekana mgonjwa. Alipoandikisha alama hiyo serikalini, cheti alikitundika sebuleni karibu na picha ya Makka, akatuita tukakitazame, akatupa mahamri. Uliyala. Ulikisoma cheti kwa sauti, ukamtafsiria kwamba hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kutumia jina lile. Wewe ndiye uliyemtafsiria, Ouma! Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na mimi siku zote nilidhani wanasema habari ya chawa.

Nikawa nimekaa na jambo hilo, sijui nimwambie nani. Mkeo Achieng bado alikuwa anakulilia. Halafu wiki hiyo hiyo akaja Zuhura, yule binti. Alikuwa ametoka mjini kwenye ofisi yako ya zamani. Kuna Wakenya walioko ng'ambo wanaotaka mafuta ya mama yake, wamemwambia akiwa na jina kwenye intaneti wataagiza kutoka huko huko. Yule dada wa Machakos akaandika jina kwenye kompyuta, ikasema lina mwenyewe. Wakaangalia mwenyewe ni nani. Ni wewe. Wakaangalia anwani. Ni sanduku la posta la Mama Zuhura.

Hapo ndipo nilipoketi chini nikacheka kama mwendawazimu, Zuhura akaniangalia. Najua ilivyokuwa. Wewe huna sanduku la posta, mimi sina, nusu ya Makina haina. Ufunguo wa sanduku la Mama Zuhura unaning'inia kwenye msumari mlangoni, na kila mpangaji akiulizwa anwani anaandika hiyo. Barua za shule, barua za kazi, kadi za Krismasi, zote zinakuja kwa huyo huyo Hajja Mama Zuhura. Wamarekani walipouliza anwani, mkono wako ukaandika kwa mazoea. Wewe ni mtu wa kwanza duniani kunyakua jina la mtu ukaacha anwani ya mwenyewe. Hata wizi, omera, una bidii yake!

Zuhura hakucheka. Aliniuliza, "Sasa mathee nimwambie nini?" Nikamwambia asimwambie kitu kwanza. Nilitaka kujua la kufanya, maana uwezo wa kufanya ulikuwa kwangu. Neno lako la siri la barua-pepe uliniambia hospitalini, nikadhani unanipa ili niwaambie wateja wako kwamba unaumwa. Kumbe ulikuwa unanikabidhi nguzo za ploti.

Nikuambie sasa kitu ambacho hukukiona, kwa sababu ulikuwa chumba cha maiti. Kamati ya mazishi yako karibu ivunjike. Tulikaa jioni ya kwanza uani kwa Mama Zuhura, watu wako wa Ugenya, watu wa kanisa, mimi na wachoraji wenzangu, na kazi ikawa kugombana nani ashike mchango. Wa kwenu hawakuaminiana. Kanisa halikuwaamini wa kwenu. Mtu mmoja akataja jina langu, mwingine akasema Mkamba atashikaje mchango wa Mjaluo, nikatamani niingie jeneza badala yako. Jioni ya pili ilikuwa vile vile. Ndipo mzee mmoja wa kanisa akauliza, kwani Mama Zuhura hawezi kushika? Mwislamu, mwanamke, Mnubi, ashike mchango wa kumpeleka Mkristo Ugenya. Hakuna aliyebisha. Hata mimi nilishangaa jinsi hakuna aliyebisha.

Kuanzia hapo watu walitoa. Nilizunguka huku Kawangware kwa wauza mboga, wanawake ambao hawajawahi kukuona, nikianza kueleza marehemu alikuwa nani, wananikatiza: "Nani ameshika?" Nikisema Mama Zuhura, wanafungua leso. Ndivyo tulivyopata jeneza, ndivyo tulivyopata basi la kutupeleka usiku kucha. Ulifika kwenu kwa jina lake. Na jina hilo hilo, wakati tunalitumia kukusafirisha, ulikuwa umelikalia wewe.

Sijui kama unaelewa jinsi jambo hilo lilivyonichoma. Mimi nilikuwa nadhani jina ni rangi. Ukilipa, nakuchorea. Lakini hata sisi mafundi wa mabango tuna ustaarabu wetu. Mtu akija akasema nichoree jina la hoteli ya jirani kwenye ukuta wangu, tunamuuliza, umemuuliza jirani? Akisema hapana, tunamwambia arudi akishauliza. Wewe mwenyewe ulinisikia nikimwambia hivyo yule wa hoteli, ukasema nina wivu wa biashara.

Basi nikaenda kwa Achieng. Sikuweza kufanya jambo bila yeye kujua, ni mkeo. Bwana wa tai alikuwa ameshanitangulia, na alikuwa amemwambia mambo mazuri ya pesa. Nilimweleza kila kitu. Akanisikiliza huku anamsuka mwanao Apiyo, halafu akaniuliza, "Mutua, wewe ni rafiki ya nani? Ya Ouma ama ya Mama Zuhura?" Nikasema wote. Akasema, "Hiyo jina haiko kwa chupa. Iko kwa hewa. Mama ataendelea kuuza mafuta yake. Mimi mtoto wangu hayuko kwa hewa, ako hapa." Na nilipomwambia kwamba ni haki ya mwenyewe, akaniambia, "Kama ni wizi, mbona hao wazungu waliandika? Si wangemwambia ni makosa?"

Ungekuwa wewe ungemjibu nini? Mimi nilijibu vibaya. Nilisema watu wa ng'ambo watatafuta Mama Zuhura, watampata huyu bwana na mafuta yake ya kiwandani, nywele zitakatika, na atakayetukanwa ni mama yule. Ni kweli, lakini mbele ya mjane anayesuka nywele za mtoto, kweli hiyo ilionekana nyembamba. Achieng hakupiga kelele. Alimaliza kusuka. Akasema kama nitalipeana bure nisirudi kwake. Hilo ndilo ulilonirithisha, Ouma: nimdhulumu mama aliyekuzika au nimnyime mwanao. Wengine huachiwa koti.

Nilikwenda mjini. Yule dada wa Machakos akaniandikia Kiingereza kizuri, tukafungua barua-pepe yako, tukawaambia Wamarekani kwamba kuanzia sasa jina ni la Mama Zuhura wa Makina, anwani ile ile. Kwao, anayeandika kutoka pale ndiye wewe. Kwa hivyo nilisaini Ouma. Sijawahi kujifanya maiti. Wakajibu, wakakushukuru, wakakutakia siku njema. Yale majina ya wakubwa, ya benki na ya unga, sikuyagusa. Bili hazikulipwa, yakaanguka yenyewe, na nimesikia kuna mtu mwingine huko duniani ameshayaokota. Kumbe mko wengi.

Bwana wa tai aliponiuliza, nikamwambia ploti ina mwenyewe. Hakupenda. Achieng alifunga vitu vyake akahamia kwa dada yake mtaani Satellite, na sasa anakaanga samaki huku kwetu kando ya barabara. Nikimsalimia anaitikia akitazama juu kwa Mungu, si kwangu. Nikinunua, ananipa mkia hata sufuria ikiwa imejaa vipande vya katikati.

Nilidhani mambo yameishia hapo. Nikakosea.

Tulikwenda kumwambia Mama Zuhura, mimi na Zuhura, Ijumaa baada ya swala. Nilikuwa nimejiandaa. Nilitaka kumwambia kwa upole kwamba mpangaji wake, kijana aliyekuwa anakula mahamri yake, alichukua jina lake akataka kuliuza, na nimwombe akusamehe. Nilianza vizuri. Nikaeleza intaneti, nikaeleza jina, nikasema Ouma aliliandikisha, na sasa limerudi kwako. Akaniuliza swali moja tu: "Aliandika sanduku gani?" Nikasema lako, Mama.

Akaanza kulia. Alilia kweli, akajifuta kwa mtandio, akasema, "Subhanallah. Alikuwa ananiwekea." Sikuelewa. Akasema, "Alijua mimi mambo hayo siyajui. Akaniwekea, asije akachukua mtu mbaya. Mwizi gani ataandika sanduku la mwenyewe? Mwanangu Ouma, Mungu amlaze pema."

Nilifungua mdomo. Nakuapia niliufungua. Zuhura akaniangalia, nikaufunga.

Sasa hebu fikiria. Makina yote inajua kwamba ulikuwa kijana mwaminifu. Msikitini wanakutaja, wewe Mkristo. Wale wa kamati waliogombana wanasema walikuwa wanakujua, walikuwa wanaona moyo wako. Kuna mzee amenisimamisha njiani kunishauri niige mfano wako! Mimi niliyefanya kazi yote natembea kama mtu aliyechelewa, na wewe uliyeweka nguzo unaombewa dua. Nikikaa peke yangu natukana, halafu nacheka, halafu nakukumbuka pale hospitalini ulivyokonda, na siwezi kumaliza kutukana.

Na haikutosha. Mama Zuhura na miguu yake mibovu alitembea kutoka Makina mpaka Satellite kumtafuta Achieng. Alimkuta nje na dada yake na majirani. Akampa chupa za mafuta, akamkumbatia mbele ya watu wote, akamshukuru kwa mume aliyemlindia jina lake, akamwambia chumba chako hakijapata mpangaji na hakitapata, na uani kuna kazi ya kujaza chupa akitaka. Achieng, ambaye anajua kila kitu, akasimama pale akapokea shukrani.

Jioni yake Achieng alikuja kibandani kwangu. Alikuwa hajaniangalia usoni tangu siku ile. Alisimama mlangoni na Apiyo mgongoni, akasema, "Usimwambie." Nikamuuliza nani. Akasema, "Mama. Na huyu pia." Akamgeuza mtoto kidogo ili nimwone nani anamaanisha. Halafu akaenda. Jumatatu nimesikia yuko Makina, anajaza chupa.

Basi nakuahidi, ndugu yangu. Sitamwambia Mama Zuhura. Apiyo akikua, akija kuniuliza baba yangu alikuwa mtu wa namna gani, nitamwambia ulikuwa mcheshi, uling'oa mabati ya uwanja wa watoto kwa mikono yako, na kwamba kuna mama mmoja Makina anayekulilia mpaka leo. Hayo yote ni kweli, na mengine nitakunywa nayo chai.

Lala salama, Ouma. Usiniharakishe, bado nina kuta nyingi za kupaka rangi. Lakini siku nitakapokuja, usinipokee kwa kicheko na hadithi zako. Nitakuuliza kabla hata sijaketi: ulikuwa unamwekea? Mimi najua jibu, bwana wa tai analijua, mkeo analijua. Tangu mama yule alie mbele yangu, kila siku naomba niwe nimekosea.

Mimi Mutua, ninayekukosa kila asubuhi